Maisha ya kila siku na mtoto wa mwaka 1 hadi 3: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wazazi na walezi wenye mtoto aliyeshaanza kutembea lakini bado hajaweza kujieleza vizuri. Majibu yatarudi mara kwa mara kwenye jambo moja ninaloliamini kabisa: vilio vingi vya siku hutokea pale mtoto anapotakiwa kuacha kitu kimoja na kuanza kingine. Zijueni nyakati hizo nyumbani kwenu, na siku itaanza kuwa nyepesi.

Kwa nini mwanangu analia kwa vitu visivyo na maana?

Kwake vina maana. Biskuti imekatika alipotaka nzima. Umefungua bomba wewe alipotaka kulifungua yeye. Mtoto wa umri huu ndiyo kwanza amegundua kuwa ana matakwa yake, tofauti na yako, na anataka kuyaona yakitimia. Tatizo ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kusubiri, kujizuia na kutuliza hasira, ni miongoni mwa sehemu za mwisho kukomaa, na huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Maneno nayo bado ni machache. Basi hasira inatokea mwilini: miguu, mikono, sauti.

Kabla ya kujiuliza anataka nini, tazama saa. Amekula lini? Ameamka saa ngapi? Je, muda huu huwa anasinzia? Mara nyingi biskuti ni kisingizio tu, na mtoto yuleyule angeila vipande vipande asubuhi bila neno.

Akijitupa chini na kugaragara, nifanye nini?

Hakikisha kwanza hakuna cha kumuumiza karibu. Kama yuko mahali pa hatari au mbele za watu, mbebe umpeleke pembeni bila kumkaripia. Kisha keti chini karibu naye na useme machache: "Umekasirika. Ulitaka kuendelea kucheza." Hapo nyamaza. Hotuba haimwingii mtoto aliyepandwa na hasira, na maswali kama "mbona unafanya hivi?" humzidishia, kwa sababu hana jibu.

Ulichomkatalia kibaki kimekatazwa. Ukimnyima kisu kisha ukampa kwa sababu amelia sana, kesho atalia sana mapema zaidi. Lakini kukataa hakuhitaji ukali. Unaweza kumshika mgongo kwa upole na kisu kikabaki juu ya kabati.

Mengi ya matukio haya huisha ndani ya dakika chache. Akishatulia, mkumbatie, mpe maji, muendelee na mlichokuwa mkifanya. Kumwadhibu tena kwa hasira iliyokwisha hakumfundishi kitu, na kumpiga humfundisha tu kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Hasira za namna hii huwa nyingi akiwa na miaka 2 hadi 3, kisha hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka.

Analia mpaka anazuia pumzi na midomo inabadilika rangi. Je, ni hatari?

Inatisha kuitazama, na yeyote aliyeiona anajua. Huwapata baadhi ya watoto kati ya miezi 6 na miaka 6: analia, pumzi inakata, midomo inakuwa ya buluu au uso unapauka, pengine anapoteza fahamu kwa muda mfupi, kisha anapumua mwenyewe. Hafanyi kwa kusudi. Mlaze kwa ubavu, usimtikise wala usimmwagie maji. Likitokea mara ya kwanza mpeleke kwa daktari, kwa sababu dalili hizo zinaweza kufanana na za degedege, na kwa sababu upungufu wa madini ya chuma mara nyingine huchangia na unatibika. Asiporudisha pumzi haraka au akichelewa kuzinduka, ita msaada wa dharura hapo hapo.

Kila kitu ni vita: kuvaa, kuoga, kutoka nyumbani. Tunapunguzaje?

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria ameshika vitalu anajenga. Wewe akilini mwako mmeshaondoka nyumbani, yeye akilini mwake kuna vitalu tu. Ukimnyanyua ghafla, unamkatiza kazi aliyoizamia. Lazima alie. Mpe taarifa, lakini si ya dakika, maana "dakika tano" kwake ni sauti tupu. Mpe taarifa anayoweza kuiona: "Weka vitalu viwili tena, halafu tunavaa viatu." Vikishawekwa hivyo viwili, ondokeni kweli. Ukiongeza cha tatu na cha nne, taarifa yako inapoteza nguvu.

Usiulize swali mahali ambapo hakuna hiari. "Twende tukaoge?" ni swali, na yeye ana haki ya kujibu "hapana." Sema "Sasa tunaoga," kisha mpe uchaguzi mdogo ambao wewe huna shida nao: utembee mwenyewe au nikubebe? Shati jekundu au la buluu? Chaguo mbili zinatosha. Zikiwa nne anachanganyikiwa.

Mpe na kazi. Mtoto aliyebeba sabuni anakwenda bafuni kwa sababu sabuni inakwenda bafuni. Anayebeba funguo anatoka nje. Kazi hiyo humsaidia kuvuka kutoka hapa hadi pale bila kuhisi amevutwa.

Mwisho, ongeza muda. Mtazame mtoto wa miaka 2 akivaa kiatu: anakaa chini, anaingiza mguu wa kushoto kwenye kiatu cha kulia, kisigino kinakunjika, anakivua, anakigeuza, anaanza upya. Uso wote umekunjamana kwa bidii. Hapo anajifunza jambo kubwa kuliko mahali mnapokwenda. Kama hamna muda siku hiyo, mvalishe wewe na umwambie wazi: "Leo nakuvalisha mimi, jioni utavua mwenyewe." Jioni mkumbushe.

Na mfanye mambo kwa mpangilio uleule kila siku. Saa si lazima zilingane kabisa, ila mfuatano ubaki: chakula, kuoga, hadithi, kulala. Akijua kinachofuata, hana haja ya kukipinga kila mara.

Alikuwa anakula vizuri, sasa anasusa. Je, anaumwa?

Akiwa mchangamfu, anacheza na anaendelea kukua, kuna uwezekano mkubwa haumwi. Katika mwaka wa kwanza mtoto hufikia takriban mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 3 hivi. Mwili unaokua polepole unahitaji chakula kidogo kwa kulinganisha, na ndiyo maana leo anakula sahani nzima na kesho anaonja vijiko vitatu tu.

Mgawanyo ninaoupenda ulifundishwa na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Unaondoa mezani mabembelezo, vitisho na kile kijiko cha mwisho cha kulazimisha. Chakula kigeni kiweke kidogo pembeni ya kile anachokizoea, bila kelele. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi ndipo wakubali, na kukigusa au kukinusa ni sehemu ya kukizoea.

Angalia pia anachokunywa. Maziwa ya ng'ombe mengi kupita kiasi, tuseme zaidi ya nusu lita kwa siku, yanamshibisha asile chakula kingine na yanaweza kuchangia upungufu wa damu. Kama bado ananyonya, hakuna sababu ya kumwachisha ziwa kwa haraka: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi, pamoja na vyakula vingine.

Anahitaji kulala kiasi gani, na kwa nini anagoma?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 na wa miaka 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4. Usingizi wa mchana unahesabiwa humo. Wengi huacha usingizi wa pili wa mchana kati ya miezi 12 na 18, na wiki za kuuacha huwa ngumu: usingizi mmoja haumtoshi, miwili imezidi. Katika kipindi hicho mlaze mapema kidogo usiku.

Anagoma kwa sababu kulala ndiko kuachana kukubwa kuliko kote: anaacha mchezo, anaacha mwanga, anakuacha wewe. Kwa hiyo nusu saa ya mwisho iwe tulivu na ifanane kila usiku. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hukimbia huku na huko na kucheka ovyo, na watu hudhani hana usingizi. Mara nyingi huyo ndiye aliyechelewa kulazwa.

Akipiga kelele usingizini, macho wazi lakini hakutambui, usimwamshe kwa nguvu. Kaa naye, mlinde asianguke, atarudi usingizini na asubuhi hatakumbuka. Ndoto mbaya ni tofauti: anaamka, anakujua, anakutaka. Huyo mkumbatie.

Vipi kuhusu simu na televisheni?

WHO haishauri kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka 1. Kwa wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kuongea na bibi kwa simu ya video naliona ni jambo jingine, maana pale kuna mtu anayemjibu.

Sielekezi lawama kwa mzazi aliyempa mtoto simu apate kupika. Ninachohofia zaidi ni simu kuwa kitulizo cha kila kilio, kwa sababu basi mtoto hapati nafasi ya kujifunza kutulia. Na kilio cha kunyang'anywa simu ni kuvuka kule kule: amekatizwa katikati. Zima kipindi kinapoisha, mwambie kabla, na uwe na kitu cha kufuata kilicho tayari mkononi.

Wenzake wanaongea, yeye bado. Nisubiri mpaka lini?

Watoto hutofautiana sana, ila kuna alama za kutazama. Kufikia miezi 18 wengi huonyesha vitu kwa kidole na hujaribu maneno kadhaa. Kufikia miaka 2 wengi huanza kuunganisha maneno mawili, kama "maji baba" au "twende nje." Neno linahesabiwa hata likitamkwa kwa namna yake, mradi analitumia kwa kitu kilekile.

Usisubiri ukiona haonyeshi kwa kidole wala hasemi neno lolote akiwa na miezi 18, haunganishi maneno akiwa na miaka 2, hageuki akiitwa, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Hili la mwisho ni la kuharakisha katika umri wowote. Omba masikio yake yapimwe pia. Kauli ya "ataongea tu, hata mjomba wake alichelewa" imechelewesha msaada kwa watoto wengi ambao wangesaidika mapema.

Nyumba yenye lugha mbili haichelewishi mtoto. Hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja, na kila mtu aongee naye lugha anayoimudu vizuri zaidi. Kinachomsaidia ni mazungumzo ya kawaida: taja anachokitazama, subiri, mwache ajibu hata kwa sauti tu.

Na kutembea?

Utafiti wa WHO ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe mahali popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Akifikisha miezi 18 bila kutembea, aonwe na daktari.

Anang'ata wenzake. Nimng'ate naye aone inavyouma?

Hapana. Atajifunza kwamba kung'ata ni jambo ambalo hata mzazi hulifanya. Mzuie kwa utulivu, sema kwa ufupi "Hatung'ati, inauma," kisha mhudumie kwanza aliyeng'atwa. Halafu fuatilia: huwa anang'ata lini? Karibu kila mara utakuta ni pale anaponyang'anywa kitu, palipobanana watoto, au meno yanapoota. Meno ya utoto ni 20 na kwa kawaida yote huwa yameota akiwa na miaka 3, kwa hiyo ufizi humsumbua kwa muda mrefu. Ukijua wakati wake, unaweza kuwa umbali wa mkono kabla hajafungua mdomo.

Hataki kushirikiana vitu vya kuchezea. Ni uchoyo?

Si uchoyo, ni umri. Mwanasaikolojia Mildred Parten alieleza hatua za michezo ya watoto mwaka 1932, na mojawapo ni ile ya kucheza sambamba: watoto wawili wanakaa karibu, kila mmoja na lake. Kucheza pamoja kwa kugawana huja baadaye. Mfundishe zamu fupi fupi, na kile anachokipenda mno kifiche kabla wageni hawajaja.

Nianze lini kumfundisha kutumia poti?

Akiwa tayari, na wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Utamwona anakaa mkavu saa 2 hivi, anajificha pembeni anapojisaidia, anakuletea nepi safi, anaelewa agizo fupi. Mwache akae kwenye poti na nguo kwanza alizoee. Mketishe baada ya kula na baada ya kuamka. Akijilowesha, fua na uendelee, bila kumwaibisha.

Msianze wiki mnayohama, wala mtoto mchanga anapoingia nyumbani. Choo kigumu pia huharibu kila kitu, kwa sababu mtoto aliyeumia mara moja hubana, na akibana kinazidi kuwa kigumu, kwa hiyo kitibuni kwanza. Ukavu wa usiku ni suala la mwili kukomaa. Watoto wengi bado hukojoa kitandani wakiwa na miaka 5, na hakuna adhabu inayoharakisha hilo.

Analia kwa uchungu ninapoondoka. Niondoke kimyakimya?

Usitoroke. Akigundua umetoweka bila kuaga, atakuganda hata unapokwenda chooni. Aga kwa ufupi, kwa namna ileile kila siku: busu, kumkumbatia, "Nitarudi ukishaamka usingizi," nenda. Kurefusha kuaga kunarefusha kilio. Walezi wengi watakwambia kwamba mtoto hutulia dakika chache baada ya mlango kufungwa. Na urudi kama ulivyosema, maana hapo ndipo anapojenga imani.

Hatari zipi za nyumbani nizitazame kwanza?

Maji, moto, dawa, na vitu vidogo. Mtoto huweza kuzama kwenye ndoo au beseni lenye maji ya kina cha sentimita chache, na huzama kimya, bila kelele tunazozitarajia. Mwageni maji mkishamaliza kuyatumia. Kikombe cha moto kisikae ukingoni mwa meza wala mkononi ukiwa umempakata. Akiungua, tia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Betri ndogo za mviringo zinastahili hofu yako. Ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukihisi amemeza, nenda hospitali mara moja, usimtapishe.

Karanga nzima na zabibu nzima huziba koo: saga karanga, pasua zabibu kwa urefu. Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, na ameshatimiza mwaka 1, mwinamishe mbele umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, kisha msukume tumbo juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5, ukirudia kwa zamu huku mtu akiita msaada. Usichokoe mdomoni kwa kidole bila kuona kitu. Vitendo hivi jifunze kwa mkufunzi wa huduma ya kwanza kabla hujavihitaji.

Ugonjwa gani hausubiri asubuhi?

Hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida. Ukiona mojawapo, ondokeni sasa. Kwa kuhara, mpe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo na uendelee kumlisha. Mhudumu wa afya atakupa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Machozi yakikauka, macho yakizama au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe.

Nimechoka mpaka namkaripia kila saa. Nifanyeje?

Uchovu huo ni wa kweli, na mtoto wa umri huu hapaswi kulelewa na mtu mmoja peke yake akiwa macho mchana na usiku. Hasira ikikupanda, mweke mahali salama, toka chumbani dakika mbili, nawa uso, rudi. Kamwe usimtikise. Omba msaada unaotajika kwa jina: "Jumamosi asubuhi mkae naye mpaka saa sita, nilale." Watu husaidia haraka zaidi wakiambiwa kitu mahususi. Huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, au ukihisi unaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ongea na mhudumu wa afya leo. Ni ugonjwa unaotibika, na huwapata akina baba pia.

Mimi nakataza, bibi yake anaruhusu. Tufanyeje?

Kubalianeni mambo machache yasiyobadilika, mtoto awe mikononi mwa yeyote: usalama, kutopiga, muda wa kulala. Mengine mwachieni bibi. Mtoto hujifunza mapema kwamba kila nyumba ina taratibu zake. Mazungumzo yenyewe yafanyike akiwa amelala, na yaanze kwa kumwuliza bibi jinsi anavyomvusha kutoka mchezo hadi kuoga, kwa sababu huenda ana njia ambayo hamjaijaribu.